Mauzo yalishuka, faida ikapanda

Mteja anayekuletea shilingi 16 katika kila mia ya mauzo akikuhama, dukani huwa kilio. Hayo ndiyo yaliyoikuta Cardinal Health ya Ohio, Marekani, inayosambaza dawa na vifaa tiba kwa hospitali na maduka ya dawa. Aprili 2024 ilitangaza kwamba mteja huyo, OptumRx, iliyo chini ya kampuni ya bima ya afya ya UnitedHealth, haitaongeza muda wa mikataba. Juni ikaisha, mzigo ukahamia kwa mshindani, McKesson.

Hesabu za robo iliyofuata, Julai hadi Septemba, zilitoka Novemba 1. Mauzo yalikuwa dola bilioni 52.3, chini kwa asilimia 4 kuliko robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia. Lakini faida ya uendeshaji, kwa hesabu inayoweka kando gharama zisizo za kawaida, ilipanda kwa asilimia 12 hadi dola milioni 625.

Msambazaji wa dawa ni kama wakala wa M-Pesa: mamilioni yanapita mikononi mwake, chake ni kamisheni. Katika kila dola 100 zilizopita, Cardinal ilibaki na dola 1 na senti 20 hivi, na hapo riba na kodi bado. Mteja mkubwa naye hubana bei mpaka kamisheni yenyewe ikonde. Dawa ghali za kisukari na unene, kina Ozempic, huvimbisha mauzo bila kuacha cha maana. Faida nono zaidi hutoka kwenye dawa zisizo na chapa, ambazo Cardinal huzitafutia bei kupitia Red Oak Sourcing, ubia wake na CVS ulioanza 2014.

Kwa hiyo mimi mauzo huyaruka na kufungua ukurasa wa fedha taslimu. Robo ile zilitoka nyingi kuliko zilizoingia. Msambazaji huchukua mali kiwandani kwa mkopo, na mteja mkubwa akilipa mapema, fedha hizo humzungushia biashara kabla deni halijaiva. Mteja akiondoka, makusanyo hukoma, lakini wenye viwanda wanadai vilevile.

Na hizo gharama “zisizo za kawaida” zinahitaji jicho kali. Za kesi humo ndimo zinamotupwa. Mwaka 2022 Cardinal, McKesson na AmerisourceBergen walikamilisha makubaliano ya kulipa hadi dola bilioni 21, kwa miaka 18, kumaliza kesi za dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Jambo litakalolipiwa miaka 18 linakosaje kuwa la kawaida?

Siku kumi baada ya hesabu hizo, Cardinal ilitangaza kununua asilimia 71 ya GI Alliance, mtandao wa madaktari bingwa wa tumbo, kwa dola bilioni 2.8 hivi. Mauzo ya mtandao huo ni madogo mno ukiyaweka karibu na yale ya OptumRx, ila daktari anayemtibu mgonjwa hubakiwa na sehemu kubwa zaidi ya kila dola kuliko anayemletea dawa.