Umakini Wetu Si Bidhaa

Tunapozungumzia simu mara nyingi tunajilaumu: hatuna nidhamu, hatuna kiasi. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Programu tunazotumia zimebuniwa na watu, na ubunifu wao unaweza kuulinda uhuru wetu au kuudhoofisha.

Tuchukue mfano mmoja. Zamani kurasa za intaneti zilikuwa na mwisho. Ukifika chini, ulibonyeza kitufe ili kufungua ukurasa unaofuata. Mwaka 2006 mbunifu Mmarekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usiokwisha: kadiri kidole kinavyosogeza, habari mpya zinajileta zenyewe. Alitaka kumpunguzia mtumiaji usumbufu, ila baadaye alikiri hadharani kwamba anajutia matokeo yake.

Pamoja na kitufe kile, ilipotea nafasi ya kuamua. Hapa Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusaidia. Katika Summa Theologiae anatofautisha tendo la kibinadamu, linalotoka katika akili na utashi, na tendo ambalo mtu analifanya bila kulikusudia, kama anayejikuna ndevu huku mawazo yake yako kwingine. Kubonyeza kitufe kulidai utashi, hata kama ni kidogo. Kusogeza bila kikomo kunakaribia kujikuna ndevu. Ndiyo maana tunashika simu tujue ni saa ngapi, na nusu saa baadaye tunaiweka bila kuijua saa yenyewe.

Sababu ya kiuchumi iko wazi. Programu nyingi hatuzilipii sisi. Wanaolipa ni watangazaji, hivyo dakika zetu ndizo zinazouzwa. Lakini Karol Wojtyła, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo II, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu upendo na wajibu kwamba mtu hapaswi kamwe kutumiwa kama chombo tu.

Programu inayomheshimu mtu ina mwisho. Video zake hazianzi zenyewe, arifa zake hukaa kimya mpaka ziombwe, na kujitoa ni rahisi sawa na kujiunga. Tuitazame Rozari: vidole vinahesabu punje ili akili ibaki katika fumbo, na makumi matano yakiisha, inatuachia twende kazini.

Kwa vijana wa parokia wanaosomea kompyuta, swali la kujiuliza ni hili: je, mtumiaji angekubali mpango huu kama angetusikia tukiupanga? Nasi wengine tuanze na madogo. Tuzime arifa zisizotoka kwa mtu tunayemfahamu. Katika kundi la jumuiya, tangazo la Misa litumwe mara moja, tena mchana. Umakini tunaouokoa una wenyewe: Mungu anayetungoja katika sala, na mgonjwa anayezungumza nasi huku tukiitazama skrini.