Bendera Mpya, Chombo Kile Kile

Leo nataka kukueleza jambo ambalo wengi wetu hapa Garsen hatujapata kulifikiri: jinsi meli inavyobadilisha uraia. Ndiyo, meli nayo ina uraia! Bendera inayopepea tezi ndiyo inayosema meli inafuata sheria za nchi gani, na ni serikali ipi itakayoulizwa likizuka jambo.

Meli ikiuzwa kwa mtu wa nchi nyingine, mara nyingi bendera hubadilika. Basi wengine hudhani kazi ni kupaka rangi tu. La hasha! Kwanza hutakiwa hati ya kuonyesha kwamba imefutwa katika daftari la nchi ya zamani. Kisha wahandisi huingia kazini. Hupima ukubwa wake, hukagua injini, pampu na mashua za kuokolea watu. Hupima unene wa mabamba ya chuma kwa mawimbi ya sauti, waone kutu imekula kiasi gani. Uthabiti wake ukitiliwa shaka, huweka sitahani vitu vya uzito unaojulikana, wakavihamisha upande huu na huu, huku timazi ikionyesha meli imelala kiasi gani. Redio nayo hupewa nambari mpya. Za Kenya huanza na 634. Ila nambari ya IMO, yenye tarakimu 7, haibadiliki mpaka meli ivunjwe.

Mbona tabu yote hiyo? Hebu mfikirie mvuvi wa hapa kwetu. Mtumbwi wake unamfaa sana mtoni Tana. Lakini auteremshe hadi Kipini, mto unapoingia baharini, kisha atoke nao Ghuba ya Ungwana wakati wa kusi! Mtumbwi ni ule ule, maji siyo.

Ndugu zetu wa Zanzibar wanayajua hayo kwa uchungu. MV Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989, ikawa kivuko cha abiria katika maji yaliyokingwa na nchi kavu ya Puget Sound, jimbo la Washington. Mwaka 2011 iliuzwa, ikaja kusajiliwa Zanzibar. Tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilikutana na upepo mkali na mawimbi makubwa, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mjomba wangu. Yeye hanunui mtumbwi kabla ya kuupindua na kuutazama chini, hata muuzaji akinuna. Hiyo ndiyo kazi ya mhandisi wa usajili. Kwa hiyo, wenzangu mnaolalamika kwamba fizikia ni ngumu, kazeni buti! Abiria hawezi kujikagulia meli. Na wahenga walikwisha sema: tezi na omo, marejeo ni ngamani.