Mashine Mpya ya Boti Ikiwa na Kasoro: Haki na Wajibu wa Mnunuzi

Katika delta ya Rufiji mashine ya boti si anasa. Vijiji kama Salale, Mbwera, Kiongoroni na Msala vimezungukwa na mikoko na matawi ya mto, na watu wake husafiri kwa chombo wanapokwenda kuvua, kuuza samaki au kumfikisha mgonjwa Nyamisati. Mashine ikizimika mlangoni mwa mto wakati maji yanatoka, chombo huweza kuchukuliwa hadi bahari kuu pamoja na waliomo. Hivyo, aliyeuziwa mashine mpya yenye kasoro amepata hasara ya fedha na pia amewekwa hatarini.

Hata hivyo, wanunuzi wengi hunyamaza. Wengine huogopa gharama ya kuibeba mashine hadi Kibiti au Kariakoo. Wengine wameona kwenye risiti maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" na kudhani kuwa shauri limekwisha. Makala hii inaeleza kwa nini ukimya ndio unaomgharimu mnunuzi, na nini afanye badala yake.

Sheria inasema nini

Mauziano ya bidhaa nchini Tanzania yanaongozwa na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo anawajibika kutoa bidhaa yenye ubora unaokubalika kibiashara, hata kama jambo hilo halikutamkwa wakati wa kununua. Mashine mpya isiyoweza kujipoza kwa maji au kushika gia haina ubora huo.

Aidha, mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kuutegemea ujuzi wake katika kuchagua, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Mnunuzi anayetaja jina la chapa tu na kulipa anaweza kuikosa kinga hii ya pili. Mweleze muuzaji urefu wa chombo, uzito wa mzigo na kwamba mashine itatumika katika maji ya chumvi, kisha mwombe ayaandike hayo kwenye risiti.

Kuhusu tangazo la "hairudishwi", Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu dhamana na haki za mnunuzi. Tangazo hilo linaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo tu. Lisikufanye uamini kuwa huna haki yoyote juu ya bidhaa mbovu.

Kabla ya kulipa

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki inayoonyesha jina la duka, tarehe, bei na aina ya bidhaa. Hakikisha namba ya mashine iliyogongwa kwenye kibati inalingana na iliyoandikwa kwenye kadi ya dhamana, ambayo wengi huiita waranti. Soma dhamana hiyo ni ya muda gani na matengenezo yanafanywa wapi.

Omba mashine iwashwe ndani ya pipa la maji mbele yako. Angalia kama maji ya kupoza yanatoka na kama gia inaingia mbele na nyuma. Ukaguzi huu una uzito kisheria: ukiikagua bidhaa, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Usiridhike na ukaguzi wa haraka unaofanywa kwa ajili ya kukuridhisha tu.

Kasoro inapojitokeza

Kwanza, acha kuitumia mashine. Kuendelea kuitumia kunahatarisha maisha, na kunaweza kuonyesha kuwa umeikubali.

Pili, usimruhusu fundi wa kijijini kuifungua kabla ya kumjulisha muuzaji. Mashine iliyokwisha kufunguliwa humpa muuzaji nafasi ya kudai kuwa fundi ndiye aliyeiharibu, na dhamana nyingi hukoma katika hali hiyo.

Tatu, hifadhi ushahidi. Piga picha na video zinazoonyesha kasoro na namba ya mashine. Andika tarehe, saa ulizoitumia, na mafuta na oili uliyotia. Waombe watu wawili walioshuhudia, kwa mfano kiongozi wa kijiji au wa kikundi cha wavuvi, watie saini.

Nne, mjulishe muuzaji mara moja. Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote. Mnunuzi anayekaa na bidhaa kupita muda unaofaa bila kusema kwamba anaikataa huhesabiwa kuwa ameikubali. Akishahesabiwa hivyo, kwa kawaida hupoteza haki ya kuirudisha na kudai bei yote, na hubakiwa na haki ya kudai fidia au kupunguziwa bei. Sheria haikutaja idadi ya siku, kwani muda unaofaa hutegemea mazingira. Kusubiri msimu mzima wa kusi upite ni kujiweka mahali pagumu.

Je, ni lazima uibebe mashine hadi dukani? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema kuwa mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha kwa muuzaji, isipokuwa kama walikubaliana vingine. Inatosha kumjulisha kwamba ameikataa. Umbali wa kijiji chako haukuondolei haki. Lakini itunze mashine mahali salama na pakavu. Ukichagua kutengenezewa chini ya dhamana, huenda masharti yake yakakutaka uipeleke kwa fundi aliyeteuliwa.

Taarifa ya simu iandamane na maandishi. Ujumbe mfupi unatosha, ukiandikwa kwa namna hii:

"Tarehe (…) nilinunua kwako mashine ya boti yenye namba (…) kwa shilingi (…). Tarehe (…) ilionyesha kasoro ifuatayo: (…). Kwa sababu hiyo ninaikataa na ninaomba unirudishie fedha zangu. Mashine nimeihifadhi (…) na unaweza kuja kuikagua. Naomba jibu ndani ya siku 7."

Matengenezo au fedha?

Muuzaji mwema mara nyingi hujitolea kutengeneza au kubadilisha, na hilo linaweza kuwa suluhisho la haraka. Kabla ya kukubali, andikianeni mambo matatu: matengenezo yatakamilika lini, nani atalipia usafiri, na kwamba kasoro ikirudi utakuwa bado na haki ya kuikataa mashine. Usisalimishe mashine, kadi wala risiti halisi bila kupewa hati ya mapokezi. Baki na nakala ya kila karatasi.

Muuzaji akikataa

Anza kwa kutafuta usuluhishi kupitia ofisi ya biashara ya Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti. Malalamiko kuhusu udanganyifu wa muuzaji yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Tume hiyo ndiyo pia inayoshughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Ukishuku kuwa chapa imeghushiwa, itaarifu. Kasoro inayogusa viwango vya ubora iripotiwe Shirika la Viwango Tanzania, TBS.

Madai ya kurudishiwa fedha yanaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili amwone msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wajibu wa mnunuzi

Haki hizi hazimlindi aliyeharibu mashine mwenyewe kwa kutia petroli chafu, kuikimbiza kupita kiasi katika saa za mwanzo au kuacha kuisafisha kwa maji baridi baada ya kutoka baharini. Fuata kitabu cha maelekezo. Risiti, kadi na kitabu hicho vitiwe kwenye mfuko usiopenya maji na kuwekwa nyumbani, si chomboni, ili vipatikane siku vitakapohitajika.