Simba na Yanga kwenye TV ya chogo: Nani mwekundu, nani kijani?

Na Mwandishi Wetu

Arusha. CHUKUA mechi ya Simba na Yanga. Simba wametoka na jezi nyekundu, Yanga wamevaa kijani. Sasa ondoa rangi zote kwenye kioo. Nyekundu inageuka kijivu, kijani inageuka kijivu, na nyasi nazo ni kijivu. Haya, nani katoa pasi na nani kanyang'anywa mpira?

Hapo ndipo shabiki aliyekulia mbele ya televisheni ya nyeusi na nyeupe anapomcheka kijana wa flati skrini. Yeye rangi hakuzihitaji. Winga alimjua kwa mwendo, beki kwa namna anavyoruka, kipa kwa anavyopanga ukuta. Alijifunza kuangalia mpira, siyo jezi.

Jijini Arusha na kwenye vitongoji vinavyouzunguka Mlima Meru, kuanzia Ngaramtoni hadi Tengeru na Usa River, TV za aina hiyo bado unaweza kuzikuta. Nyingine zipo juu ya kabati zimefunikwa kitambaa cha kufuma, nyingine zimetupwa stoo chini ya magunia. Shida ni moja. Mnunuzi wa chuma chakavu akipita na mizani yake, zinaondoka kwa bei ya kilo, na ikishavunjwa hakuna kiwanda kitakachokutengenezea nyingine.

BARA ILIINGIA DAKIKA ZA MWISHO

Kwa nini TV hizi zina uzito kwa shabiki wa hapa? Kwa sababu Tanzania Bara ilichelewa sana kuona mpira kwenye kioo.

Kenya ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1962. Zanzibar ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na yenyewe haikupita kwenye nyeusi na nyeupe, ilianza na rangi moja kwa moja. Bara ilikuwa kimya. Nchi ilikuwa kwenye siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na televisheni ilihesabiwa kuwa anasa ambayo wachache wangeimudu huku wengi wakibaki watazamaji wa ukuta.

Taifa Stars ilipokwenda Lagos kucheza fainali za Afrika mwaka 1980, Bara haikuwa na kituo chake cha TV. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikatoka suluhu ugenini na kuja kufungwa 2-0 na Stella Abidjan jijini Dar es Salaam, bado hakukuwa na kituo. Aliyekuwa Arusha aliumia kupitia redio. Vituo vya kwanza vya Bara, ikiwamo ITV, vilianza mwaka 1994.

Ndiyo maana TV ya zamani ya Arusha haifanani na ile ya Ulaya yenye boksi la mbao na milango yake. Nyingi za hapa ni za plastiki, inchi 14, chogo nyuma, vitufe vya kuzungusha mbele. Jina linalokumbukwa zaidi ni Great Wall kutoka China. Dunia ilikuwa imeshahamia kwenye rangi, lakini kwa wengi wa huku ndiyo kwanza mpira ulikuwa unaingia sebuleni.

BETRI IKIKATA, MECHI IMEISHA

Siri ya TV hizi kupendwa ilikuwa umeme. TV ya rangi ya chogo ina mitambo mitatu ya kurusha elektroni, mmoja kwa kila rangi ya msingi, na nyuma ya kioo kuna wavu unaozuia sehemu kubwa ya elektroni hizo. Ya nyeusi na nyeupe ina mtambo mmoja na haina wavu. Inakula umeme kidogo, wati 20 hivi kwa zile ndogo, na nyingi zilitengenezwa zikubali umeme wa ukutani pamoja na betri ya gari ya volti 12.

Kwa kijiji kisicho na nguzo ya umeme, huo ulikuwa ushindi wa ugenini. Betri inapelekwa kuchajiwa mjini, inarudi kwenye kerea ya baiskeli, jioni watu wanajaa uani. Vijijini Kenya, paneli ndogo za sola za wati kumi na kitu zilipata soko kubwa kwa sababu ya TV hizihizi.

Basi hapo ndipo kulikuwa na mateso yake. Kioo kinaanza kusinyaa pembeni, sauti inapungua, dakika ya 80 betri inakata. Utajua matokeo kesho.

Halafu kuna chenga. Shabiki wa wakati huo alipigwa chenga za aina mbili, za winga na za kioo. Mawimbi ya televisheni hupenda njia iliyonyooka, na Mlima Meru wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500 ni beki asiyepitika. Nyumba moja inapata picha safi, jirani aliye nyuma ya mgongo wa kilima anaona mvua ya nukta. Dawa ilikuwa mlingoti mrefu wa mti, antena juu yake, na kijana mmoja wa kuuzungusha huku ndani wakipiga kelele: "Hapohapo! Usiguse!" Kijana huyo mara nyingi bao alilisikia tu.

FIFA NAYO ILIJIPANGA

Kuchanganya timu kwenye kioo kisicho na rangi halikuwa tatizo la huku peke yake. Mpira wa Adidas Telstar uliotumika Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico ulikuwa na vipande 20 vyeupe na 12 vyeusi. Madoa yale hayakuwa urembo. Yaliwekwa ili mpira uonekane vizuri kwenye TV za nyeusi na nyeupe, ambazo ndizo zilizokuwa kwenye nyumba nyingi.

Kichekesho kikatokea Kombe la Dunia la 1978, Argentina. Ufaransa na Hungary zilitakiwa kutofautiana, moja ivae jezi za mwanga na nyingine za giza, ili mtazamaji asiye na rangi asipotee. Zikaelewana vibaya, zote zikafika uwanjani Mar del Plata na jezi nyeupe. Mechi ikachelewa kuanza, na Ufaransa ikalazimika kuazima jezi za mistari ya kijani na nyeupe za klabu ya mtaani, Kimberley. Ikashinda 3-1 ikiwa imevaa nguo za watu.

LEO INAWASHWAJE?

Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na mikoa mingine ikafuata. Tangu hapo antena peke yake haitoshi, lazima uwe na king'amuzi. Tatizo, king'amuzi kinatoa picha kwa nyaya za AV au HDMI, wakati TV nyingi za zamani zina tundu la antena tu.

Njia rahisi ni kutafuta deki ya zamani ya mikanda ya video. Nyaya za AV za king'amuzi zinaingia kwenye deki, na kutoka kwenye deki unapitisha waya wa antena hadi kwenye TV, kisha unazungusha kitufe taratibu mpaka picha ikae. Usisahau kuweka king'amuzi kwenye umbo la 4:3, la sivyo picha itaonekana imebanwa.

Kwa anayetaka kukusanya, dalili zinasema mengi. Mstari mmoja mweupe uliolala katikati ya kioo maana yake sehemu ya kutanua picha juu na chini imekufa, na mara nyingi hutengenezeka. Picha iliyosinyaa, anzia kwenye kapasita za umeme. Kioo kilichochoka chenyewe, picha imefifia hata ukiongeza mwanga, hiyo ni kadi nyekundu.

Jambo moja halina mzaha. Usifungue chogo mwenyewe. Kioo hubaki na chaji ya maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Mpe fundi anayezijua.

Arusha inajiandaa na AFCON ya 2027, ambayo Tanzania itaandaa pamoja na Kenya na Uganda, na jiji limepata mradi wa uwanja wa watu 30,000. Wageni wataonyeshwa taa, skrini kubwa na nyasi za kijani kibichi. Safari hii mpira wenyewe unakuja nyumbani kwa watu waliokuwa wakiufuata kwa betri na mlingoti. Ile TV iliyo stoo ndiyo shahidi wa safari hiyo. Kabla ya kumwita mtu wa mizani, ifute vumbi, iwashe, tafuta dabi yoyote, kisha jaribu kumtambua kila mchezaji bila kumuuliza mtu.