Kikanda na Ua Lake

Leo twataka kusema juu ya kikanda. Nani katika sisi watu wa Katanga asiyekijua? Mama ameketi sokoni na beseni lake, na ndani ya beseni mna kitu cha rangi ya kahawia, laini lakini kigumu kidogo, naye akikata vipande kwa kisu. Sisi tulikila kikanda tangu utoto wetu, na twakipenda hata leo. Ndugu zetu wa Zambia hukiita chikanda, na chakula ni kile kile: viazi vya porini hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, kisha hupikwa mpaka vishikamane.

Walakini tukiuliza: Je, ua la kikanda lafananaje? wengi hunyamaza. Mchimbaji alijua, kwa maana ndilo linalomwonyesha mahali pa kuchimba. Mlaji hakuliona kamwe. Basi tuanze na ua.

Mvua zikisha kushika, nendeni katika dembo, yaani yale mabonde mapana ya majani ambayo maji yake hayaondoki upesi, au pandeni uwanda wa juu wa Kundelungu. Kati ya majani mtaona bua moja limesimama wima, nalo lina maua mengi yaliyopangana kama punje katika suke. Mengine ni meupe, mengine ya rangi ya waridi, mengine ya moto. Hayo yote ni ya jamaa moja kubwa iitwayo okidi. Ndugu zao wengi hukaa juu ya miti, lakini hawa ni wa ardhini. Wataalamu huwagawa wale wa kikanda katika makundi, na makubwa ni matatu: Disa, Satyrium na Habenaria.

Litazameni ua la Satyrium kwa karibu. Nyuma yake hushuka vifuko viwili vyembamba kama pembe za mwana-mbuzi, na ndani mna maji matamu. Habenaria nazo nyingi ni nyeupe au za kijani kibichi, na harufu yake huamka jioni, saa ya nondo kuruka. Chavua ya maua haya haipeperushwi na upepo kama ile ya mahindi. Imefungwa vifurushi viwili, na kila kifurushi kina gundi yake. Nondo akiingiza ulimi wake mrefu kutafuta utamu, kifurushi humganda ulimini au jichoni, naye hukichukua mpaka ua la pili pasipo kujua. Bila mgeni huyo, maua mengi ya jamaa hii hunyauka bila kuzaa.

Likizaa, kifuko kimoja cha mbegu huwa na maelfu ya mbegu, nyembamba kama vumbi. Mtu atasema: Kama mbegu ni nyingi hivyo, mmea huu utakwishaje? Ndugu, fikirini punje ya haragwe. Mama yake ameifungia chakula cha safari, nayo yaweza kuota hata juu ya kitambaa chenye maji. Mbegu ya okidi haikufungiwa kitu. Ikianguka, haina budi kukutana udongoni na kuvu wa namna yake, mwenye nyuzi zisizoonekana kwa macho, naye ndiye anayeilisha mpaka itoe jani. Jambo hili lilifunuliwa mwaka 1899 na Mfaransa Noël Bernard, aliyekuta mbegu za okidi ya kwao zikichipuka, na ndani ya kila mmoja wa miche ile mna kuvu. Mbegu zisizomkuta kuvu hufa, na hizo ndizo karibu zote. Na ile moja iliyobahatika yahitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa ua.

Sasa tushuke chini ya udongo, maana hapo ndipo penye neno letu la leo. Aching'oaye bua wakati wa maua hukuta viazi viwili. Kimoja ni laini, kimekunjamana kama mfuko mtupu. Cha pili ni kigumu, cheupe ndani, kimejaa. Kile cha kwanza kiliumbika mwaka uliopita. Ndicho kilicholisha bua hili na maua haya, na sasa nguvu zake zimekwisha. Cha pili kinaumbika mwaka huu huu kwa kazi ya majani. Wakati wa kiangazi bua hukauka, moto hupita juu ya dembo na kuteketeza yote, lakini kiazi kipya kimelala salama chini, kikingoja mvua. Hivyo mmea hupita kutoka kiazi hata kiazi, mwaka hata mwaka.

Je, mchimbaji hutaka kiazi kipi? Hutaka kile kigumu. Kile laini hukitupa.

Basi aliyekichukua kiazi kile hakuvuna mazao ya mwaka huu. Ameuchukua mmea wenyewe wa mwaka ujao. Tukivuna muhogo, twakata vijiti na kuvipanda tena. Tukivuna viazi vitamu, twarudisha mashina yake ardhini. Kikanda hakituachii kitu cha kurudisha. (Waturuki nao huchimba viazi vya okidi zao kwa kutengeneza kinywaji kiitwacho salep, na shida yao ni hii hii.)

Zamani mama alichimba vya sufuria yake, na dembo lilijaza tena pengo. Siku hizi vyajaa magunia kwa ajili ya masoko ya miji. Zambia ilipoanza kupungukiwa, wafanyabiashara walivuka mpaka mpaka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na wataalamu walikadiria kwamba viazi vilivyotoka huko vilifika mamilioni kila mwaka. Huko kuna uwanda wa Kitulo, wenye urefu wa karibu mita 2,600 juu ya bahari, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake. Mwaka 2005 serikali ya Tanzania iliufanya hifadhi ya taifa, kusudi maua yale yapate ulinzi. Tena okidi zote za dunia zimo katika mkataba wa mataifa wa 1973 juu ya biashara ya viumbe vya porini, kwa hiyo kuvusha gunia la viazi hivi mpakani bila kibali ni kosa.

Hatumshitaki mama wa sokoni. Ada ya shule ya watoto wake imo katika beseni lile, nasi ndio tunaonunua. Lakini mchimbaji aweza kuyapita mabua madogo. Aweza kungoja vifuko vikauke na vumbi la mbegu limwagike kabla ya kuchimba. Kijiji chaweza kuacha dembo moja lisiguswe kwa miaka mingi. Hatusemi kwamba hayo yatosha, kwa sababu bua lililochimbwa limekwenda hata kama mbegu zake zimemwagika. Wenye elimu wanajua kuotesha mbegu za okidi katika chupa, ila kikanda kilichomo sokoni hutoka porini.

Mvua zijazo, twaomba kila kijiji kichague dembo lake na kuhesabu mabua yenye maua, kisha kuandika hesabu katika daftari. Wazee wawaambie vijana mahali palipojaa zamani, ili hesabu ya leo ipate mwenzake. Na mkikuta Habenaria nyeupe, kaeni karibu nayo jua likishuka, pasipo taa wala kelele. Mkingoja kidogo, huenda nondo atakuja.