Umeme na Metali: Ushenga Mpya Katika Utengenezaji wa Dawa

Ni ada ya wakemia, wanapotaka kuunganisha molekuli mbili zisizokubali kukaribiana, kutia baina yake metali kidogo iliyo mfano wa mshenga: hupeleka neno huku na huku, ndoa ikafungwa, naye asiwemo katika nyumba mpya. Metali hiyo ndiyo kichocheo. Na kwa ushenga wa paladiamu, Richard Heck, Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki walitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2010.

Lakini katika miungano mingi metali humaliza kazi ikiwa imeelemewa na elektroni, wala haiwezi kurejea kazini mpaka mzigo huo utuliwe. Kwa desturi, mtuaji alikuwa kemikali nyingine, mathalan chumvi za fedha au za shaba, ambazo hutumika kwa wingi kuliko kichocheo chenyewe, kisha huacha taka zinazotaka gharama kuziondoa, kwa kuwa dawa ya kumezwa haifai kubaki na metali ila kiasi hafifu mno.

Hapo ndipo umeme ulipopata nafasi. Nguzo mbili hutumbukizwa chomboni: ya chanya, yaani anodi, huipokonya metali zile elektroni na kuirudisha kazini, na kwenye ya hasi, yaani kathodi, aghalabu hutoka gesi ya haidrojeni.

Kutumia umeme peke yake si jambo geni, maana Mjerumani Hermann Kolbe aliunganisha kaboni kwa njia hiyo tangu miaka ya 1840. Jipya ni kuufungamanisha na kichocheo. Mwaka 2017, Song Lin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitumia manganizi, metali rahisi iliyomo hata katika betri za tochi, kupachika naitrojeni juu ya kaboni mbili zilizo jirani. Na umbo hilo la ujirani ndilo lililomo katika oseltamivir, dawa ya homa ya mafua.

Hata hivyo, njia hii ina masharti yake. Mchanganyiko hauna budi upitishe mkondo; metali yaweza kuganda juu ya kathodi ikaacha kazi; na nguvu ikizidi kadiri, hubomoa kile ilichokusudiwa kujenga. Tena umeme wenyewe ukizalishwa kwa makaa ya mawe, taka iliyoepukwa chomboni hutokea katika dohani.