Mche wa maabara ni safi, lakini hauna kinga

MKULIMA anayeomba chipukizi la mgomba kwa jirani hupata mbegu ya bure, lakini mara nyingi hubeba pia fukusi, minyoo ya mizizi na vimelea vya mnyauko. Ndiyo sababu mwaka 1997, nchini Kenya, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (KARI), ambayo sasa ni KALRO, ilianza kuwapelekea wakulima wadogo miche ya migomba iliyokuzwa maabara.

Kazi yenyewe si miujiza. Mtaalamu huchukua chipukizi, hulimenya hadi kibaki kiini kidogo, hukisafisha kwa dawa na kukiweka kwenye chupa yenye rojo la sukari, madini na homoni za mimea. Kiini hutoa vichipukizi, navyo hugawanywa na kuhamishiwa chupa nyingine mara kadhaa. Vikishaota mizizi hupandwa kwenye viriba, chini ya kivuli, kwa wiki 6 hadi 8 ili vizoee hali ya nje. Chipukizi moja hutoa mamia ya miche ya umri mmoja, hivyo mavuno hukaribiana na mchuuzi hupata mzigo wa kutosha kwa safari moja.

Tatizo ni virusi, ambavyo haviondoki kwa kugawa vichipukizi chupani. Mgomba mama ukiwa na ugonjwa unaosonganisha majani ya juu kama shada, miche yake huurithi. Kabla ya kutoa fedha, uliza kama mama alipimwa virusi, na kataa mche ambao haujakaa kitaluni.

Jambo la pili ni shamba. Kuvu wa mnyauko wa fuzari huishi udongoni zaidi ya miaka 20. Ukipanda sukari ndizi pale migomba ilipokufa kwa ugonjwa huo, umetupa fedha. Tafuta eneo jipya, au aina inayostahimili.

Tatu, mche huu hauna tunguu lenye akiba ya chakula kama chipukizi la kawaida. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo na samadi iliyooza, mwagilia na palilia bila kukosa miezi ya mwanzo.

Mwenye mtaji mdogo anunue miche michache, aipande mbali na migomba ya zamani. Ikibaki na afya, machipukizi yake yatapanua shamba bila gharama nyingine ya miche.